Braketi ya altaneta iliyochapwa kwa 3D: kwa nini ilikatika ilhali cheti kilisema ina nguvu

SWALI: Assalaam alaykum, mhandisi. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Lamu. Mashua ya mteja wangu hupakia abiria na mizigo kwenda Faza na Kizingitini. Ina mashine ya ndani ya dizeli, silinda mbili, inazunguka mara 2,400 kwa dakika, na hufanya kazi kama saa 6 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Braketi yake ya altaneta, yaani mkono unaoshikilia jenereta ndogo ya kuchaji betri, ya alumini ya kumimina, ilipasuka baada ya miaka mingi. Spea haikupatikana hata Mombasa, kwa hiyo mwenye chombo akaagiza kutoka Ulaya iliyochapwa kwa printa ya 3D. Ilikuja na cheti: AlSi10Mg, yaani alumini yenye silikoni na magnesi, nguvu megapaskali 430, kuliko ile ya kiwandani kwa mbali. Imedumu wiki 9, ikakatika kwenye kona ya ndani. Haikugongwa wala haikuzidishiwa mzigo. Sehemu moja ya mpasuko ni laini ina mistari, sehemu nyingine imekwaruzika ina chembe. Niichomelee? Tuagize nyingine ya alumini bora zaidi? Au haya mambo ya 3D ni ya maonyesho tu?

JIBU: Wa alaykum salaam, fundi wangu. La haraka kwanza: usiichomelee, na chombo kisitoke na kipande hicho hata kama kuna abiria wanaosubiri kurudi Faza. Kwenye mashine nyingi za aina hiyo, fanbelti inayozungusha altaneta ndiyo hiyo hiyo inayozungusha pampu ya maji ya kupozea. Braketi ikiachia mko kwenye mfereji wa Mkanda na maji yanakupwa, chaji itakufa na mashine itachemka kwa pamoja.

Ulivyoueleza mpasuko umenirahisishia kazi. Sehemu laini yenye mistari ni uchovu wa metali, hauna jina jingine. Ufa ulianza mdogo, ukatembea kidogo kidogo kila mashine ilipopiga, na kila ulipopumzika au mzigo ulipobadilika ukaacha mstari, kama zile alama ambazo maji yanayokupwa huziacha kwenye mchanga wa Shela. Sehemu yenye chembe ni pale metali iliyobaki iliposhindwa ikakatika kwa mara moja. Tazama ipi ni kubwa. Kama sehemu laini imekula zaidi ya nusu ya mpasuko, basi unasema kweli, mzigo ulikuwa mdogo, na kilichoiua ni wingi wa mipigo. Kisha ifuate mistari kinyumenyume. Imepinda ikizunguka mahali pamoja, nako ndiko ufa ulikozaliwa. Weka kioo cha kukuzia hapo. Natarajia utaona kitundu cheusi, au ukwaru wa ngozi ya nje ambao haukuwahi kuguswa na tupa.

Sasa tuhesabu mipigo, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika wakisikia "wiki 9 tu". Mashine ya silinda mbili, ya aina ya four-stroke, hupiga kwa wastani mara moja kila shafti inapozunguka. Mizunguko 2,400 kwa dakika ni mipigo 40 kwa sekunde, yaani 144,000 kwa saa. Kwa saa 36 za wiki ni zaidi ya milioni 5. Kwa wiki 9 unakaribia milioni 47. Maabara nyingi zinapojaribu uchovu wa alumini iliyochapwa husimamisha mashine kwenye mipigo milioni 10 na kuandika kwamba kipande kimepona. Mashua ya mteja wako humaliza milioni 10 kwa saa 70 hivi, hata wiki mbili hazitimii. Na alumini haina ile tabia nzuri ya chuma cha kawaida, ambacho ukikaa chini ya kiwango fulani cha mkazo (nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo lake) kwenye hewa kavu hakichoki kamwe. Alumini huendelea kuchoka polepole hata kwa mkazo mdogo. Kwa hiyo kipande hicho hakikufa kichanga. Kilifanya kazi nyingi kuliko kilivyowahi kujaribiwa.

Sasa cheti. Megapaskali ni kipimo cha mkazo, na hiyo 430 ni nguvu ya kuvuta: unachukua kijiti cha metali hiyo, unakivuta mara moja hadi kikatike. Haisemi chochote kuhusu kuvutwa mara milioni 47. AlSi10Mg iliyochapwa ikiachwa na ngozi yake ya kutoka kwenye printa, mkazo wa kwenda na kurudi ambao inaweza kuustahimili kwa mipigo milioni 10 mara nyingi huwa chini ya megapaskali 100, na vipande vibovu huangukia karibu na 50. Robo ya kile alichokisoma mwenye chombo, au hata chini ya hapo. Tena vijiti vya majaribio ya cheti kwa kawaida huchapwa pembeni, vimenyooka, kisha hukerezwa vikawa laini kabla ya kuvutwa. Braketi yako ina kona, ina matundu ya bolti, na ngozi yake haikukerezwa.

Lipo jambo jingine ndani ya hiyo 430, na kwa kweli ndilo lililonifanya niinue nyusi. AlSi10Mg ikitoka tu kwenye printa huvuta megapaskali 400 na zaidi. Ikiingizwa kwenye tanuri kwa nyuzi 300 za Selsiasi kwa saa mbili, kama ilivyo desturi ya kuondoa mkazo wa ndani, nguvu hiyo hushuka sana, mara nyingi ikaja karibu na 300. Kwa hiyo tarakimu iliyomfurahisha mwenye chombo inaniambia kwamba kipande chake huenda hakikupita tanuri hilo. Kilisafiri kutoka Ulaya kikiwa na mkazo wake mwenyewe ndani, kabla hata hujakaza bolti ya kwanza. Karibu na ngozi mkazo huo kwa kawaida ni wa kuvuta, na kuvuta ndiko kunakofungua ufa.

Mkazo huo hutoka kwenye namna printa inavyofanya kazi. Unga wa alumini wenye silikoni asilimia 9 hadi 11 na magnesi kidogo, chini ya nusu asilimia, hutandazwa tabaka jembamba, mara nyingi mikroni 30. Milimita moja ya braketi yako ina tabaka kama 33. Leza huyeyusha sehemu inayotakiwa, tabaka jingine hutandazwa juu, leza hupita tena. Kila tone lililoyeyuka hupoa kwa kasi ya kutisha, nyuzi laki moja hadi milioni moja kwa sekunde, likivutana na metali ya chini ambayo tayari imeganda. Kasi hiyo ina faida: silikoni haipati nafasi ya kukua vipande vikubwa kama kwenye alumini ya kumimina, bali hufanya wavu mwembamba sana unaoipa metali nguvu. Ndiyo maana 430 si uongo.

Lakini uchovu hauulizi metali kwa wastani wake ina nguvu gani. Unatafuta mahali pabovu kuliko pote, na ukipapata unaanzia hapo. Printa huacha mabovu ya aina tatu. Kuna vitundu vya mviringo vya gesi, hasa haidrojeni, ambayo hutokana na unyevu ulionaswa na unga, na alumini ni hodari wa kunasa unyevu. Kuna vitundu vya kina, ambapo leza ilichimba sana na mvuke ukanaswa chini. Na kuna mianya bapa ambapo tabaka mbili hazikuyeyukiana sawasawa, kwa sababu leza ilipita haraka mno au vumbi la moshi liliikinga. Hii ya tatu ndiyo ninayoiogopa. Kitundu cha mviringo kina ukingo laini. Mwanya bapa una ncha kali, na umelala sambamba na tabaka. Ukiivuta braketi kwa upande unaozitenganisha tabaka, mwanya wote unafunguka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo vipande viwili vya umbo moja, unga mmoja na printa moja, kimoja kimechapwa kimesimama na kingine kimelala, vinaweza kuishi umri tofauti kabisa.

Mjapani Yukitaka Murakami, wa Chuo Kikuu cha Kyushu, ameandika mengi kuhusu mabovu madogo ndani ya metali, na hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua eneo la kitundu kama linavyoonekana ukitazama kwa upande wa mvuto, tafuta kipeuo chake cha pili, na huo ndio ukubwa unaohesabika. Kisha, ukikokotoa ukali wa mkazo kwenye ukingo wake, kama kitundu kiko ndani unazidisha kwa 0.5, kama kiko juu ya ngozi au kinaigusa unazidisha kwa 0.65. Kitundu kile kile, kikihamia nje, kinauma zaidi kwa asilimia 30. Kwenye uchovu asilimia 30 ya mkazo si kidogo, inaweza kupunguza umri wa kipande mara tatu au nne. Ongeza kwamba braketi ikipinda, ngozi ndiyo inayobeba mkazo mkubwa, na kwamba ngozi ya printa ya alumini imejaa chembe za unga zilizonatia nusu nusu. Upande wa chini, uliokuwa ukitazama unga usioyeyushwa, ni mbaya zaidi. Hapo metali huning'inia ikaganda vibaya, na hapo ndipo wanapobandika miguu ya kushikilia kazi, ambayo baadaye huvunjwa kwa koleo. Angalia kama kona iliyokatika iko upande huo. Nitashangaa sana ikiwa haiko.

Na chumvi je? Wewe unafanya kazi kwenye sanduku la mashine ambamo maji ya bahari hurukia kila kitu. Kloridi ya chumvi hutoboa ule utando mwembamba unaoilinda alumini, hufanya mashimo madogo, na kila shimo ni kitundu kipya juu ya ngozi, pale pale panapozidishwa kwa 0.65. Ufa ukishafunguka, maji ya chumvi huingia na kuusaidia kutembea. Mfano mkubwa wa ndoa hii ya chumvi na uchovu ni ndege ya Aloha Airlines, Boeing 737 iliyokuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii, hewa ya bahari kila siku, safari fupi fupi zaidi ya 89,000. Tarehe 28 Aprili 1988 sehemu ya paa la mwili wake ilibanduka ikiwa angani. Ile ilikuwa alumini ya bati, haikuchapwa na printa yoyote, na ilikuwa ikikaguliwa. Wewe una kona yenye ngozi ya ukwaru, mkazo wa ndani, na bolti za stenlesi zinazogusa alumini moja kwa moja. Stenlesi na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini.

Uliuliza kuhusu alumini bora zaidi. Zipo. Kwa miaka mingi alumini ngumu za ndege kama 7075, na hata 6061 ya kawaida, zilikuwa hazichapiki kwa leza kwa sababu zilipasuka zikiwa zinaganda. Mwaka 2017 watafiti wa maabara ya HRL huko California walionyesha kwamba ukipaka chembe ndogo sana za zirkoni juu ya unga, punje za metali hugandia humo na nyufa hizo hutoweka. Airbus nao waliunda Scalmalloy, alumini yenye magnesi, skandi na zirkoni, ambayo kwa uchovu inaishinda AlSi10Mg waziwazi. Skandi ni ghali, na bei ya unga wake itamfanya mwenye chombo akuulize kama unachapa braketi au pete ya harusi. Ila hata Scalmalloy ikiachwa na ngozi ya ukwaru na kona kali itapoteza sehemu kubwa ya ubora ulioilipia. Ningekuwa na shilingi za kuchagua kati ya alumini ghali isiyokerezwa na AlSi10Mg iliyokerezwa, ningechukua ya pili bila kufikiri.

Watu wa viwandani watakutajia pia tanuri la shinikizo, ambamo kipande hukandamizwa na gesi ya argoni kwa shinikizo la angahewa elfu moja hivi, joto la nyuzi 500 na kitu. Vitundu vya ndani hufunga. Vilivyo wazi juu ya ngozi havifungi, kwa sababu gesi inaingia humo humo, metali yenyewe inalainika, na ukiipasha tena kuirudishia ugumu, gesi iliyonaswa huweza kuvivimbisha vitundu upya. Kwa braketi ya altaneta usilipie.

Nirudi kwenye kuchomelea, maana nilikukataza bila kukupa sababu. Ile haidrojeni iliyonaswa ndani hutoka metali inapoyeyuka tena. Ukiweka tigi, weldi ya umeme na gesi ya kukinga, kwenye alumini iliyochapwa, mara nyingi weldi huchemka ikajaa mapovu, na hata ikikaa vizuri machoni, ndani ni sponji. Joto nalo huvunja ule wavu mwembamba wa silikoni kando ya weldi. Utakuwa umeondoa ufa mmoja na kupanda mbegu za mingine kumi, pale pale kwenye kona.

Basi ufanyeje? Rai yangu ni chuma. Mashua yenu haitazama kwa gramu mia nane za nyongeza. Chukua bamba la milimita 8, kata, pinda au chomelea nje ya kona yenye mkazo, safisha weldi kwa grinda hadi iwe laini, paka praima na rangi ya kutosha, na uitazame kutu kila mara. Kama unataka alumini, kata kutoka bamba zima la 5083 au 6082, ambazo mafundi wa boti wanazijua na zinavumilia bahari. Kona ya ndani iwe na mviringo mkubwa. Ile iliyokatika pengine ilikuwa na milimita 2, ipe 6 au 8 nafasi ikiruhusu. Mabadiliko hayo ya kona peke yake yanaweza kuongeza umri kuliko kubadilisha metali, kwa sababu ukipunguza mkazo kwa asilimia 20 tu, mara nyingi unapata umri mara mbili au tatu.

Ikibidi kuchapa, kwa mfano umbo ni gumu na hakuna njia nyingine, basi usitume mchoro mtupu. Mwandikie mchapaji nguvu inatoka upande gani, ili akilaze kipande namna ambayo mvuto hautenganishi tabaka kwenye kona. Mwambie kipande kiingie tanuri la kuondoa mkazo kabla hakijakatwa kutoka kwenye sahani ya printa, na ukubali kwamba tarakimu ya cheti itashuka. Aongeze milimita 1 ya nyama kwenye kona, upande wa chini na matundu ya bolti, na sehemu hizo zikerezwe. Usikubali msasa mwepesi badala ya kukereza. Chini kidogo ya ngozi, pale mstari wa nje wa leza unapokutana na mistari ya ndani, huwa pana safu ya vitundu. Msasa mwepesi unaviamsha na kuvileta juu, ukafanya kipande king'ae na kiwe dhaifu zaidi. Inabidi kukata hadi kuvipita.

Ukifunga, weka washa za nailoni au pesti ya kutenganisha kati ya stenlesi na alumini. Usikaze fanbelti hadi ilie kama gitaa. Mvuto wa fanbelti ni mkazo wa kudumu ambao mipigo ya mashine hukaa juu yake, na ukiuzidisha, ufa hukaa wazi muda wote. Pia nunua zile dawa mbili za kopo za kupulizia, nyekundu ya kupenya na nyeupe ya kuonyesha, wanazotumia wachomeleaji kukagua kazi. Safisha kona, pulizia, pangusa, pulizia nyeupe. Ufa mwembamba usioonekana kwa jicho utachora mstari mwekundu. Fanya hivyo baada ya wiki ya kwanza, kisha kila mwezi.

Hujaniuliza kwa nini ile ya kwanza ya kiwandani ilipasuka, nami sipendi kuiacha. Miaka mingi ni umri wa heshima, huenda ilizeeka tu. Lakini kabla hujafunga ya tatu, tazama raba za miguu ya mashine. Zikiwa zimekufa, mtetemo wote unapanda kwenye braketi. Weka rula kwenye puli mbili uone kama zimenyooka mstari mmoja. Hakikisha ule mkono wa juu wenye tundu refu la kukazia bado upo na bolti yake imekaza, maana nimeona mashine ambazo mkono huo uliondolewa "kwa muda" na altaneta ikabaki inaning'inia kwa mguu mmoja. Kisha washa mashine, panda mizunguko polepole kutoka 800 hadi 2,400 na mkono wako ukiwa juu ya mgongo wa altaneta, mbali na fanbelti. Pakiwa na mahali ambapo inaruka ghafla na kutulia ukipita, hapo mtetemo wa mashine umepatana na mtetemo wa braketi yenyewe. Ikiwa mahali hapo ni karibu na mizunguko mnayotembelea, ongeza mkono wa pili wa kushikilia, au mwambie nahodha atembee 2,200 hadi uupate.